Machela Ilipoingia Kilosa

"Aneth, niletee sindano ya ganzi. Kesho asubuhi, kabla hatujaondoka Ulaya."

"Ya nini?"

"Usiniulize. Niletee tu."

"Wence, mimi ni nesi wa zahanati, siyo muuza duka. Ya nini?"

Aneth alikuwa nyuma ya zahanati, simu sikioni, karibu na tangi la maji, maana mwaka ule wa 2004 mtandao wa Kilosa ulikuwa na maringo yake, ukisogea hatua mbili unaongea na hewa.

"Muundi wa kushoto," Wenceslaus akasema mwishowe. "Unaniuma wiki ya tatu sasa."

"Wiki ya tatu! Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

Simu ikakata. Vocha imekwisha.

Wenceslaus alikuwa anasomea udaktari katika chuo cha tiba cha jeshi. Watu walidhani kule ni vitabu tu na koti jeupe. Thubutu! Alfajiri kilomita kumi, mchana darasani, jioni kupanda kamba mpaka viganja vichubuke. Na mwisho wa mwaka ndiyo mtihani wa machela: wanafunzi wanane, machela moja, juu yake mfuko wa mchanga wa kilo sabini, Mikumi hadi Kilosa kwa miguu, siku tatu. Ukianguka, mfuko unashushwa, unalazwa wewe. Wenzako wanakubeba hadi mwisho, kisha unarudishwa kwenu. Ukibahatika, unaitwa mwakani.

Na baba yake Aneth, Mzee Melkizedek, mstaafu wa reli, alishawaambia washenga waziwazi: "Kijana amalize chuo kwanza. Asipomaliza, msirudi hapa."

Basi Aneth akapanda basi la asubuhi hadi Ulaya, ile Ulaya yetu ya njia ya Mikumi, walikolala usiku wa mwisho wa mtihani. Usiulize aliomba ruhusa kwa nani.

Alimkuta Wenceslaus amejificha nyuma ya ghala la mazao, buti moja mkononi. Aneth akachuchumaa, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Mwanaume akauma mkono wa shati.

"Ruka kwa mguu huo mmoja."

"Aneth, muda hakuna."

"Ruka!"

Akaruka mara moja, akakaa chini, jasho likimtoka.

"Huu siyo msuli," Aneth akasema. "Mfupa una ufa. Na wewe unajua, umesoma kuliko mimi."

"Najua."

"Basi twende kwa kapteni wako."

"Nikienda kwa kapteni, leo naingia Kilosa nimelazwa kama maiti. Baba yako atakuwa kando ya barabara amevaa koti lake la reli. Unataka anione hivyo?"

"Nataka upone mguu."

"Na mimi nakutaka wewe! Hulioni hilo? Au umeshapata mwingine, unatafuta njia ya kuniacha?"

Lo! Aneth akahisi machozi yanamchoma.

"Mungu akusamehe, Wence."

"Akinisamehe au asinisamehe, nichome. Usiponichoma wewe, Cleopa tunayebeba naye atanichoma, na mkono wake unamtetemeka."

Kwenye mkoba wake kulikuwa na vichupa viwili, kimoja cha ganzi, kingine cha maji safi ya kuchanganyia dawa. Hapo ndipo binti wa watu alipopotea njia. Akajipigia hesabu ya kinesi: nikimpa ganzi, atavunjika bila kusikia. Nikimnyima, atachomwa na mwingine. Nikimchoma maji, maumivu yenyewe yatamsimamisha, hafiki mbali. Alisahau kwamba wale vijana walikuwa wakiambiwa kila alfajiri kuwa maumivu ni kelele tu, uyaache yapige kelele wewe utembee.

Akamchoma maji.

"Asante, mke wangu," Wenceslaus akasema, akatumbukiza bomba tupu kwenye begi lake, akafunga buti.

Basi la kurudi liliwapita njiani, karibu kilomita kumi kutoka Ulaya. Aneth akachungulia dirishani. Wenceslaus alikuwa bado anabeba, mbele kushoto, anaimba na wenzake. Alipomwona akamwinulia kidole gumba. Aneth alitaka kumwambia dereva asimamishe. Hakumwambia. Angeshuka amwambie nini kapteni?

Saa kumi jioni watu walijaa barabarani karibu na daraja la Mkondoa. Mzee Melkizedek alisimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote, Aneth pembeni yake.

"Wale wanakuja," mzee akasema. "Mbona nahesabu saba?"

Aneth alishakimbia.

Juu ya machela hapakuwa na mfuko. Wenceslaus alikuwa amefungwa mguu kwa vijiti viwili, midomo imepauka.

"Amevunjika sasa hivi tu, shemeji," Cleopa akasema akihema. "Tulisikia mfupa ukipasuka."

"Wence! Wence, mimi hapa!"

"Sindano yako haina nguvu," Wenceslaus akasema, meno yamebana. "Tangu Ulaya naisubiri ishike."

Hospitalini, Kapteni Theodory alisimama miguuni pa kitanda, bomba la sindano mkononi. Alikuwa amelikuta kwenye begi la mgonjwa.

"Kuanguka ni kitu kimoja," akasema. "Lakini mwanafunzi wa udaktari kujidunga dawa kwenye zoezi langu? Huyo anafukuzwa, na harudi tena. Nani alikupa?"

"Nilichukua mwenyewe, afande."

"Nani alikupa?"

"Mwenyewe, afande."

Mzee Melkizedek alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Aneth akamtazama baba yake, akamtazama Wenceslaus, akajua kwamba akifungua mdomo, kazi imekwenda na pengine mchumba pia.

"Shikamoo afande. Nilimchoma mimi."

"Aneth, nyamaza!" Wenceslaus akafoka.

"Nilimchoma mimi, na haikuwa dawa. Yalikuwa maji. Kichupa cha ganzi hiki hapa, hakijafunguliwa."

Kapteni akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akakagua kizibo.

"Kwa hiyo huyu ametembea kutoka Ulaya na mfupa wenye ufa, bila kitu?"

"Ndiyo, afande."

"Basi ataitwa mwakani, akipona. Lakini wewe nesi, nitamwandikia mkuu wako wa kazi."

Akatoka. Wenceslaus hakuwa anamtazama kapteni hata kidogo.

"Maji?" akauliza taratibu.

"Nilidhani utasimama."

"Kila hatua nilisema sasa hivi ganzi inashika. Kila hatua, Aneth. Nilijua wewe huwezi kunidanganya."

Akageukia ukutani.

Aneth akasimamishwa kazi. Simu zake hazikupokelewa, akabaki kutuma meseji.

"Wence, umeamkaje?"

"Plasta wametoa?"

"Nijibu hata tusi."

Hakujibiwa, miezi miwili kasoro. Jioni moja baba yake alimkuta jikoni analia, akavuta kigoda, akakaa. Mzee hakuwa na kawaida ya kukaa jikoni.

"Yale maneno yangu kwa washenga ndiyo yalimtembeza yule kijana," akasema. "Nilikosea, mwanangu. Niliyatamka kama mkuu wa stesheni."

Ijumaa ikaingia meseji: "Njoo Mikumi. Nyumbani kwa mama."

Mama yake Wenceslaus, Hildegarda, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko uani. Ana hasira, lakini amenyoa ndevu tangu asubuhi."

Wenceslaus alikuwa amekaa kwenye benchi, magongo pembeni. Amekonda. Hakuinuka.

"Nina hasira na wewe," akaanza.

"Najua."

"Hujui. Ungeninyima, ningekuelewa. Ungenipa ganzi, ningekuelewa. Wewe ulijifanya unanisaidia, ukanichoma maji, ukapanda basi."

"Nilipaswa kwenda kwa kapteni asubuhi ileile. Niliogopa utaniacha."

"Ningekuacha kweli."

"Ndiyo maana niliogopa."

Wenceslaus akachezea gongo lake.

"Na mimi nilikutisha na mwanaume mwingine asiyekuwepo," akasema. "Ule ulikuwa ushenzi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Siku ileile, kwenye basi."

"Mwakani naitwa. Nabeba machela upya, Mikumi hadi Kilosa. Mguu ukiniuma tena nikakuficha, nawe ukagundua, utafanya nini?"

"Nitamwambia kapteni. Mbele yako."

"Hata nikikulaani?"

"Nilaani."

"Hata nikisema ndoa basi?"

Aneth hakuangalia chini.

"Sema ndoa basi. Utaisema ukiwa na miguu miwili."

Wenceslaus akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Mwambie baba yako," akasema, "wazee wangu wanakuja Jumamosi."