Lochi Aliyelala Ubavu

Saa moja asubuhi ukelele wa dada ulimfanya mdogo wake aangushe kijiko. Alikimbia sebuleni. Tangi la samaki lilikuwa na maji, mimea na taa, ila lochi wa dada hayumo.

"Nimepekua mchanga wote!" Mikono ya dada ilikuwa ikichuruzika. "Na mtaalamu wa samaki anakuja leo!"

Huyu mdogo wake alikuwa mpelelezi wa polisi, amekuja kupumzika, na sasa mapumziko yameota mbawa. Lochi ni samaki mwembamba mwenye sharubu, lakini huyu alikuwa na pete za manjano ambazo hakuna mfugaji wa samaki aliyewahi kuziona. Kama ni aina mpya, mtaalamu aliahidi kumpa jina la marehemu binti wa dada. Miaka yote dada alikuwa halitaji jina hilo bila kulia. Wiki hii alilitaja akicheka.

"Mwizi ni mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji samaki," dada alisema. "Jana alimkodolea macho kweli!"

Mpelelezi alimpigia simu. "Mimi nipo hospitali tangu jana jioni, mke wangu amejifungua," mwenyekiti alisema, na kilio cha kichanga kikamtolea ushahidi.

Mpelelezi alirudi kwenye tangi. Kifuniko kimerudishwa vizuri. Mchanga umechotwa kidogo pembeni. Pampu ya hewa ya betri haipo.

"Aliyemchukua hataki afe," alisema.

Mume wa dada alikuwa mezani na chai yake.

"Shemeji, umegusa tangi?"

"Mimi? Sijawahi hata kukisogelea hicho kidudu. Na msihangaike, pengine kinaumwa. Kulala ubavu vile si dalili nzuri."

Dada aligeuka. "Ubavu? Kwangu hajalala ubavu hata siku moja! Kutwa amejifukia, sharubu tu ndizo ziko nje."

"Basi umemwona mahali pengine, shemeji," mpelelezi alisema taratibu. "Mahali pasipo na mchanga wa kutosha kujifukia."

Shemeji aliweka kikombe chini. Aliwapeleka chumba cha kufulia. Ndani ya ndoo, pampu ikitoa mapovu, lochi alikuwa amelala ubavu.

Dada alimgeukia. "Mume wangu mwenyewe! Ulijua ninavyoingoja siku hii!"

"Mtaalamu alipiga simu jana ukiwa unaoga. Nikamuuliza jina linatolewaje. Akasema samaki lazima auawe kwanza, atiwe kwenye chupa ya spiriti, jina libandikwe juu." Aliinamia ndoo. "Nilishaliona jina lile limebandikwa, mama. Mochwari. Nilishindwa kukwambia."

Kengele ya mlango ililia.

Dada alimchota lochi kwa viganja vyote viwili, akamrudisha tangini. Samaki akajifukia, zikabaki sharubu.

"Kamwambie mtaalamu tulikosea," alimwambia mdogo wake. "Ni lochi wa kawaida."

Kisha akainamia kioo, akamwita samaki kwa jina la binti yake. Mpelelezi, ambaye hajawahi kutoa ushahidi wa uongo, akaenda kufungua mlango.