Wawili Juu ya Skardvidda

Kitambaa chekundu kilipita mbele ya uso wa Eirill kikiruka hewani, kikapotea. Hatua chache baadaye kikapita kingine, kijiti chake kikiwa bado kinaning'inia. Hapo ndipo alipotambua kwamba upepo ulikuwa unang'oa alama za njia.

Alikuwa anaongoza. Nyuma yake, ncha za skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zikikaribia kumgusa visigino, alikuwa Linnéa Sjöholm wa Ufini. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na saba, na majira mawili mfululizo walikuwa wameviziana katika kila mashindano ya vijana wa nchi za kaskazini. Mbio za leo zilikuwa ndefu kuliko zote: kutoka bonde la Hjelmdal nchini Norwe, alikozaliwa Eirill, kuvuka uwanda wa Skardvidda, hadi mjini Vassbø. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamesema upepo ungeingia jioni. Uliingia mchana, bila kubisha hodi.

Walichokuwa hawajui ni kwamba nyuma yao, kwenye kituo cha maji, wasimamizi walikuwa wameshasimamisha mbio na kuwarudisha wasichana wengine wote. Wao wawili peke yao walikuwa wamekwisha kupita.

Theluji iliwachapa usoni kama mchanga. Kope zikaganda. Ile mifereji miwili ambayo skii hupita ndani yake ilijaa, ikasawazishwa, ikawa haipo. Wakaendelea, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama. Wakapokezana kuongoza, wakafuata kilichofanana na njia, nacho kikawa ni ukingo wa kijito kilichofunikwa na theluji.

Eirill alivuka. Linnéa alipofuata, theluji ilimeguka chini yake. Skii moja ilivunjika kwa kishindo kilichosikika juu ya upepo, naye akazama mguu mmoja hadi nusu ya muundi katika maji ya barafu.

Eirill alimshika makwapani akamvuta hadi juu.

"Mguu?"

"Goti limepinda. Na kiatu kimejaa maji." Linnéa alitoka pwani ya Ufini ambako watu husema Kiswidi, lugha iliyo karibu sana na Kinorwe cha Eirill, kwa hiyo walielewana bila shida. "Wewe nenda. Ukifika chini waambie nilipo."

"Chini ni wapi?"

Linnéa akanyoosha mkono. Eirill akanyoosha wake, upande mwingine kabisa.

"Unaona, mwenzangu? Wawili tu, na tayari tuna chini mbili. Siendi popote."

Watoto wa Hjelmdal hufundishwa shuleni kwamba mlimani hakuna aibu ya kurudi nyuma, na kwamba mtu anayelazimika kujichimbia pango kwenye theluji alichimbe angali na nguvu. Eirill alikuwa bado anazo. Alitafuta mahali ambapo upepo ulikuwa umerundika theluji dhidi ya mwamba, akavua skii, akaanza kuchimba kwa ncha ya nyuma ya skii hiyo hiyo. Alichimba kwa kuingia ndani kisha kupanda juu kidogo, ili baridi ibaki mlangoni. Linnéa, amelala kifudifudi, alisukuma nje kila kilichoangushwa. Nguo zao za mashindano zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na jasho la mbio lilikuwa limeanza kuwageuka.

Walipoingia na kuziba mlango kwa bonge la theluji, wakiacha tundu la hewa, kelele zilikatika ghafla. Kukawa kimya, mwanga wa kibuluu, na pumzi zao.

Eirill alimvua Linnéa kiatu na soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Alifungua zipu ya nguo yake, akaubana ule mguu tumboni mwake, kwenye ngozi, akauma meno. Ulipoanza kuuma, na Linnéa akaanza kulia kimyakimya, Eirill alifurahi. Kinachouma kiko hai. Kisha akauvika kofia yake ya sufu, na kichwani akajifunga shali yake ya shingo. Walikuwa na kifuko cha zabibu kavu na nusu chupa ya juisi. Waligawana kidogo kidogo.

Hatari iliyofuata ilikuwa usingizi. Linnéa alipoanza kuitikia kwa kuchelewa, Eirill alimtaka amtajie mbio zote alizowahi kumshinda.

"Zote? Hatutamaliza mpaka kiangazi," alisema Linnéa.

Lakini akataja, na Eirill akabisha moja baada ya nyingine: hapo nta ya kupaka skii ilikuwa mbaya, hapo nilikuwa na mafua, hapo ulinikata njia. Linnéa alipandisha hasira, na hasira ikampa joto. Waligombana kwa bidii kama watu waliolipwa.

Kisha Eirill akanyamaza. Alikuwa ametoa joto lake jingi kuliko alivyodhani, na mwili wake ulikuwa umeacha kutetemeka. Alisema kwa sauti ya upole kwamba sasa yuko sawa, hasikii tena baridi.

Linnéa alijua mara moja kwamba hiyo ni dalili ya hatari: mwili wa mwenzake ulikuwa unaanza kuzimika. Alijikokota, goti likimchoma, akamlalia mwenzake kama blanketi, akamsugua mgongo na mapaja, akamfinya masikio, akamlazimisha kunywa juisi iliyobaki. Alimwambia Wanorwe wote ni hivi hivi, maneno mengi wakiwa mbele, wakibanwa wanasinzia. Akamfinya tena. Baada ya muda mrefu meno ya Eirill yalianza kugongana.

"Ile ya Vassbø ya mwaka jana," alisema kwa shida, "ulinikata njia kweli."

"Nilikukata," Linnéa akakiri, akamkumbatia zaidi.

Upepo ulipolegea walitoboa mlango. Mbingu ilikuwa bado nyeupe, bila jua, na uwanda haukuwa na upande wowote. Linnéa alitambaa hadi pale alipozama, akaweka sikio juu ya theluji. Chini yake maji yalikuwa yakitembea. Alisikiliza, akasogea, akasikiliza tena.

"Yanakwenda huku," alisema. "Yanakwenda wapi?"

"Vijito vyote vya upande huu huishia Vassbø," Eirill akajibu. Safari hii mikono yao ilielekea upande mmoja.

Walifunga goti kwa vile vitambaa vya namba vya kifuani. Skii nzima ya Linnéa na ile iliyovunjika wakaziunganisha kwa kamba za fimbo zao za kujisukumia, Linnéa akakaa juu, na Eirill akajifunga mkanda wa chupa kiunoni akamvuta. Kwenye miteremko Linnéa alishika breki kwa fimbo zake. Kwenye miinuko alishuka akatambaa. Walianguka mara nyingi, wakaamka kila mara, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Chini ya uwanda, miti ya kwanza ilipojitokeza, walisikia mbwa, halafu mngurumo wa pikipiki ya theluji. Mwanamke wa kikosi cha uokoaji, Gudveig, aliruka akawafunika mablanketi bila maswali mengi. Akiwafunga mikanda aliwaeleza kwamba mbio zilifutwa mapema. Hakuna mshindi.

Linnéa alimtazama Eirill. Wakaanza kucheka, wakacheka hadi Gudveig akawapima mapigo ya moyo.

Hospitalini vidole vyote vya mguu wa Linnéa vilipona, ila goti lilihitaji upasuaji. Siku ya mwisho ya mashindano kulikuwa na mbio za kupokezana, na kocha alikuja kumweleza Eirill kwamba zamu yake, ile ya mwisho, ingeweza kupewa mwingine, hakuna atakayemlaumu. Eirill alikunja vidole vyake, akavikunjua.

"Nitakimbia."

"Kimbia tu," alisema Linnéa kutoka kitanda cha pili. "Kwetu anamaliza Saara. Atakufunza adabu."

Saara alimfunza. Eirill alipokezwa zamu akiwa wa kwanza, akafika wa tatu, mapafu yakiwaka moto. Lakini katikati ya mzunguko, kwenye kilima cha juu kabisa, miti ilifunguka akaiona Skardvidda yote, safi, inang'aa juani, imetulia kama haijawahi kumkosea mtu. Msichana wa Uswidi alimpita hapo hapo. Eirill aliutazama uwanda kwa pumzi moja zaidi, bila woga na bila kinyongo, kisha akakita fimbo zake na kumfukuza.