Ukuta wa Chupa

Nilikwenda kwa mama mmoja mjane jioni, kabla taa hazijawashwa. Kazi ya saa moja tu, basi.

Mimi ni fundi wa kupamba nyumba kwa mimea. Wenzangu hujaza vyungu sakafuni; mimi hutundika mimea ukutani kama picha. Yule mama alitaka ukuta mzima wa chupa za kioo, kila moja na tawi changa ndani ya maji, mizizi ionekane, nami nilikuwa nimeshamtundikia. Mdogo wangu alikuwa akimfanyia usafi, na ndiye aliyeniombea kazi ile. Wiki hiyo alikuwa amelala nyumbani. Miguu ilimlegea, na daktari haoni kitu.

"Mdogo wako hajambo?" mama aliniuliza.

"Anajikongoja."

"Maskini." Akatabasamu. Mshenzi mkubwa yule, ila wakati huo sikujua.

Akanionyesha chupa ya katikati. "Mizizi ya hii imezidi, inaniharibia ukuta. Ipunguze, mwanangu."

Kupunguza mizizi ni kazi yetu ya kila siku. Nikatoa mkasi.

Krrt.

Harufu ikapanda... si ya majani. Ya mafuta ya nywele.

Krrt.

Nikaliinua tawi dirishani. Nywele zilikuwa zimesokotana na mizizi, na uzi mweusi wa kusukia, mwishoni fundo la uzi mwekundu. Fundo lile nililifunga mwenyewe, Jumamosi, nikimsuka mdogo wangu.

"Mbona umeacha?" Pumzi ya mama ilikuwa shingoni kwangu. "Malizia."

Nikaikumbatia chupa, nikatimua mbio. Hakunifuata. Hakupiga hata kelele. Nilimsikia akicheka, polepole, kama mtu aliyeshiba.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu ameanguka jikoni.

"Dada... miguu siisikii."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Nimesikia kitu kinakatika ndani. Mara mbili."

Mara mbili!

Huu mwezi wa tatu. Chupa iko dirishani kwetu, maji nabadilisha kila asubuhi. Majani ni mazuri ajabu, wageni wanayasifu. Mizizi haijarudi. Mdogo wangu namwogesha, namgeuza, namlisha. Kutwa anamlaani yule mama.

"Kama si wewe, dada yangu," ananiambia, "angenimaliza."

Namjibu, "Nyamaza, upumzike."

Sijamwambia mkasi ulikuwa mkononi mwa nani.