Kibati cha Kitinda

Watu wengi wakimwona chewa mnono huwaza sufuria. Daktari aliwaza kichwa. Ndani ya kichwa cha samaki, karibu na ubongo, mna vijiwe vidogo vya kusikilizia, na kila mwaka kijiwe huongeza pete moja. Ukikikata, ukakisugua na kukiweka chini ya hadubini, unaujua umri wa samaki huyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale kituo cha utafiti wa bahari, kutwa kucha na kisu na koleo, shombo imemwingia mpaka kwenye nywele. Mama yake alikuwa akimtania kwamba mwanamume atakayemuoa itabidi awe paka.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Feni ilikuwa inalalamika darini, chai imepoa dirishani, na mezani amelazwa chewa mkubwa ambaye ndoo ilishindwa kumbeba. Daktari alikuwa ameshatoa vijiwe na kuvitazama, na jambo moja lilikuwa linamsumbua. Samaki mzee namna ile alitakiwa kuwa na pete tele. Huyu alikuwa na pete moja tu, ya mwaka mmoja. Akadhani hadubini inamchezea, akaamua atarudia mchana. Akapasua tumbo, maana lazima pia ijulikane samaki amekula nini. Wakatoka kaa waliolainika nusu, kisha kisu kikagonga kitu kigumu. Akakivuta kwa koleo, akakisuuza bombani, akakigeuza.

Kilikuwa kibati cha mdogo wake.

Hapa inabidi nieleze, usije ukadhani ni bati la kuezekea. Kwenye boti ya kituo kuna ubao wenye ndoano. Kila anayepiga mbizi ana kibati chake. Akiingia majini anakitundika, akipanda anakitoa kwa mkono wake mwenyewe. Kibati kikining'inia, mwenyewe bado yuko chini, na boti haiondoki hata kama mbingu inaanguka. Tena hakuna anayegusa kibati cha mwenzake. Mgeni hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na hilo ndilo jina lililomganda: Kitinda. Alilichonga mwenyewe kwenye kibati kwa ncha ya msumari, herufi zimepinda kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kazi yake ilikuwa kuhesabu samaki kwenye matumbawe ya hifadhi. Kila jioni alifika nyumbani na, kabla hata ya kuvua viatu, akapaza sauti mlangoni: "Nimepanda, Mama!" Na Mama humjibu kutoka jikoni: "Karibu nchi kavu, baba!"

Mwaka mmoja nyuma, Kitinda alipiga mbizi pamoja na mkuu wa kituo. Mvua ilikuwa kali, hata huoni ncha ya boti. Mkuu alipanda peke yake. Nahodha alitazama ubao akaukuta mtupu, akauliza yule kijana yuko wapi. "Yuko ndani anabadilisha nguo," Mkuu akamjibu, na boti ikaondoka.

Kitinda hakuonekana tena. Wachunguzi walipokuja, Mkuu alisema kijana alipanda salama, akatoa kibati chake mwenyewe, kisha lazima alirudi majini kwa kiherehere chake, kibati kiko mfukoni. Ikaandikwa hivyo: uzembe wa marehemu. Basi Mama akapokea msiba na aibu kwa mkupuo mmoja. Waliokuja kumpa pole walimpa, wakafika nje ya geti wakaanza kunong'ona. Tangu siku hiyo Mama akawa anaongea na ukuta. "Mwanangu hakuwa mjinga," anauambia. Daktari alilisikia neno hilo kila usiku kupitia mlango, na akajiapiza kwamba kabla Mama hajafumba macho, ukuta huo utakuwa umejibiwa.

Sasa alikuwa na kibati mkononi. Akakifuta kwa taulo. Akakiweka mezani. Alipokitazama tena kilikuwa kimelowa. Akakifuta kwa nguvu zaidi, mpaka vidole vikauma. Maji yakatoka tena, polepole, kama jasho. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Hakumwambia mtu. Alikifungia kwenye droo ya visu, akatia ufunguo kwenye sidiria, akaenda nyumbani.

Kesho yake alishuka gatini na mitungi ya hewa, maana naye alikuwa mpiga mbizi, akapanda botini. Mkuu alikuwa amesimama mbele ya ubao, amempa mgongo. Hakumsikia akiingia. Kwenye ndoano ya pembeni, ambayo mwaka mzima haikutumika, kilining'inia kibati chenye herufi zilizopinda. Kilikuwa kinadondosha maji sakafuni.

"Hiki nilikitupa," Mkuu alikuwa ananong'ona. "Nilikitupa mwenyewe. Nilikiona kinazama."

Daktari alisimama palepale na mitungi mikononi. Hakuhisi uzito wake.

Ukuta ulikuwa umejibiwa. Na sababu aliijua sasa. Siku chache kabla ya kupotea, Kitinda alimwambia wakiwa wanaosha vyombo: "Dada, mle hifadhini hamna samaki. Wenye nyavu kubwa wanaingia, na Mkuu ndiye anayewafungulia mlango. Nitasema, hata wanifukuze." Yeye akamjibu asubiri kwanza, asiwe na haraka. Neno hilo la kusubiri lilikuwa limemkaa kooni mwaka mzima kama mwiba.

Angekwenda polisi. Lakini aende na nini? Aseme samaki amemletea ushahidi? Akarudi nyuma kimyakimya, akaitua mitungi chini kwa kishindo, akasema kwa sauti ya kila siku, "Habari za asubuhi, Mkuu."

Mkuu aliruka kama aliyekanyaga moto.

Tangu hapo kibati kikaanza kazi yake. Mkuu alikitupa baharini, kesho kiko kwenye ndoano. Alikizika nyuma ya jengo, kesho kiko kwenye ndoano. Aliing'oa ndoano yenyewe kwa koleo, nacho kikahamia ndoano ya jirani. Kila mara kimelowa. Na kwa lugha ya boti ile, kibati kilikuwa kinasema jambo moja tu: bado yuko chini.

Mkuu akakonda, kola za mashati zikawa zinamcheza shingoni. Siku moja alimfuata Daktari maabara, akafunga mlango.

"Ni wewe unayenichezea?"

"Kukuchezea nini, Mkuu?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

Mkuu akafungua mlango, akatoka. Daktari alifurahi, tena alifurahi kwelikweli, wala sitaki kumpamba. Usiku huo alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa wanakuja kukagua hifadhi, wanataka picha za samaki. Samaki wenyewe walibaki kwenye kona moja tu, na aliyeijua ni Mkuu. Hakutaka jicho la pili lione pengine palivyo jangwa. Kwa hiyo aliamua kuzama peke yake, jambo ambalo kanuni zimelikataza kwa herufi kubwa, ila kanuni wakuu huwaandikia wengine.

Ilikuwa mchana kweupe. Bahari imetulia, jua liko utosini, upepo hakuna. Botini walikuwa watatu: Mkuu, Nahodha kwenye usukani, na Daktari kama msimamizi wa ubao. Mkuu alivaa mtungi, akafunga filimbi begani, akatundika kibati chake. Ndoano ya pili yake ilikuwa na kile kingine. Alikitazama.

"Usitoke hapa ubaoni," alimnong'oneza Daktari. "Tafadhali."

"Siendi popote."

Akajitupa majini. Mapovu yakaanza kupanda, msururu mmoja mweupe, ukielekea mbali na boti.

Daktari alinyoosha mkono. Ndiyo, alikuwa amelipanga: akitoe kibati, boti iondoke. Alikuwa amelipanga kitandani, akiwa anapiga mswaki, akiwa anampakulia Mama chakula. Vidole vikagusa kibati cha Mkuu. Kilikuwa kikavu, kimepata joto la jua. Akamkumbuka Mama na ile salamu ya mlangoni. Vidole vikalegea. Akaurudisha mkono, akageuka kutazama bahari.

Mapovu yalikuwa yanakwenda njia mbili.

Akafumba macho, akafumbua. Misururu miwili. Inakwenda sambamba, kama wapiga mbizi wanavyofundishwa, bega kwa bega. Mmoja ulipokata kushoto, mwingine ukakata kushoto. Ulipoharakisha, nao ukaharakisha. Ulipozunguka kutaka kurudi kwenye boti, ule wa pili ukapita mbele yake.

Nyuma ya Daktari kitu kikadondoka. Tone la maji. Kisha lingine.

Aligeuka. Ndoano zote mbili zilikuwa tupu. Zimelowa.

"Ubao mtupu," Nahodha akasema kutoka kwenye usukani. "Mkuu yuko wapi?"

Bado kulikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha. Chini. Yuko chini, subiri. Daktari alifungua kinywa, na maneno yaliyotoka aliyatoa mwenyewe, kwa sauti yake, akiwa na akili zake timamu.

"Yuko ndani anabadilisha nguo."

Nahodha hakusogea. Alimtazama kwa muda mrefu, maana maneno hayo alishayasikia mara moja, mahali palepale, akayaamini. Akauangalia ubao tena. Kisha akawasha injini.

Walikuwa wameshika njia ya nyumbani filimbi ilipolia. Nyuma yao, mbali. Nahodha hakugeuka. Daktari hakugeuka. Ikalia tena, ndefu, ya mtu anayepuliza roho yake yote. Ikalia mara nyingine.

Ikakatika katikati.

Jioni alimkuta Mama amepiga magoti mlangoni na kitambaa, anakausha sakafu. Nyayo za maji zilitoka kizingitini zikaingia ndani mpaka kwenye msumari wa taulo la Kitinda, zikaishia hapo. Mama alikuwa anatabasamu. Mwaka mzima uso ule haukujua kutabasamu.

"Mdogo wako amepita," alisema. "Kasema amepanda."

Kwenye msumari kilining'inia kibati. Daktari akakishika. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Na wewe, mwanangu?" Mama akauliza, bila kuinua macho sakafuni. "Umepanda?"

Alitaka kujibu. Kinywa chake kikajaa maji ya chumvi. Akayameza.

Wachunguzi walikuja, walewale. Nahodha aliwaambia aliukuta ubao mtupu, akanyamaza hapo. Wakaandika kwamba Mkuu alipanda, akatoa kibati chake mwenyewe, kisha lazima alirudi majini kwa sababu anazozijua mwenyewe. Walitafuta siku kadhaa, hawakupata hata kiatu cha mpira. Na ile karatasi ya zamani ya Kitinda haikuguswa. Uzembe wa marehemu, ndivyo inavyosomeka mpaka leo. Kinywa kimoja tu duniani ndicho kingeweza kulisafisha jina lake, na kinywa hicho dada yake alikiacha kule chini, akakisikia kinapuliza filimbi.

Siku aliyolielewa hilo vizuri, Daktari alikaa sakafuni maabara akalia mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mama haongei tena na ukuta, ana amani yake. Majirani nao wananong'ona kama kawaida, na hakuna wa kuwaziba midomo.

Daktari hapigi mbizi siku hizi. Hata ufukweni haendi. Kibati chake mwenyewe alikifungia kwenye droo ya visu, akaongeza kufuli. Asubuhi kikawa kwenye ndoano ya boti, kinadondosha maji. Alikirudisha, kikarudi. Akampa fundi akiyeyushe, na fundi akaapa kwamba amekiyeyusha. Kesho yake kilikuwa kwenye ndoano, kinadondosha.

Wafanyakazi wapya hudhani ni utani wa zamani wa kituo. Nahodha hacheki. Kabla ya kuwasha injini huutazama ubao, akapanda ngazi mpaka maabara, akasimama mlangoni.

"Daktari, uko hapa?"

"Niko hapa, Nahodha."

Hamwamini. Humsogelea akamshika bega, ahakikishe. Kisha hufuta mkono wake kwenye suruali.