Hodi ya Chumba Kitupu

Kisa hiki kilimfika Zilpah, mwenzetu wa ofisini kutoka bara, wikendi moja ya mwaka wa tisini na nne. Hoteli za ufuoni zilimshinda bei, akapanga chumba cha juu katika nyumba kuukuu nyuma ya barabara ya Ndia Kuu.

Bi Shukri, mwenye nyumba, alimkabidhi ufunguo kwa sharti moja. "Mwanangu, hata kama hamna mtu ndani, piga hodi kabla ya kuingia."

"Nimpigie nani hodi, mama, na chumba ni changu peke yangu?"

Bi Shukri hakucheka. Aliyecheka ni Zilpah. Alisimama mlangoni akaita, "Hodi!" kisha akajiitikia mwenyewe, "Karibu!" Mchezo huo ukamnogea, akawa anaurudia kila aingiapo.

Jumamosi magharibi alitoka kununua viazi vya karai. Akiwa njiani kurudi, stima ikapotea mtaa mzima. Alipanda ngazi akipapasa ukuta, mbao zikilia chini ya miguu yake. Kufuli lilikuwa limefungwa vile vile alivyoliacha. Alilifungua kwa pupa, akajitoma ndani, akaurudisha mlango na kuufunga kwa komeo.

Humo ndani giza lilikuwa totoro. Akasikia kitanda kikilia, kama mtu aliyelala anapoinuka kuketi.

"Mbona leo hukupiga hodi?"

Sauti ilikuwa ya Zilpah mwenyewe, na ilikuwa ikicheka.