Jiko Lililomng'ata Mama Mkwe

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya mwokaji ilikuwa kuwasha oveni yake. Ilikuwa oveni ya umeme, imejengewa ndani ya kabati la jikoni. Humo alioka mikate na keki za mtaa mzima. Aliipenda kupita kiasi. Mumewe, dereva wa lori, alizoea kusema: "Humu ndani oveni ndiyo mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji tu."

Mama mkwe alipokuja kukaa nao, siku mbili za kwanza zilipita kwa amani. Siku ya tatu mama alipiga deki jikoni, kisha akashika mpini wa mlango wa oveni. Akaruka.

"Yalaa! Jiko linaning'ata!"

"Limekuunguza, mama?" mwokaji aliuliza.

"Hata moto halina! Linaning'ata. Kama sisimizi wamepita mkononi."

Mwokaji akaja mbio na kandambili zake, akaushika mpini uleule. Hakusikia kitu.

"Mbona mimi haliniumi?"

Mama alimtazama machoni. "Labda linawajua wenyewe."

Neno hilo lilimchoma mwokaji. Tangu hapo akaanza kumchunguza mama mkwe kama askari wa getini. Akagundua jambo. Siku nyingine mama alishika oveni na hakusema lolote. Lakini kila alipotoka kupiga deki, jiko lilimng'ata! Mwokaji akajisemea, "Kumbe! Kazi ikimchosha, jiko linakuwa na meno. Huyu anaigiza. Anataka mwanawe aing'oe oveni yangu." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mwokaji aliamini ameshamjua anayemla.

Mama naye alikuwa na mashaka yake. Mchana mmoja mwokaji alimsikia akizungumza na binti yake kwenye simu.

"Yeye halimng'ati. Mimi tu. Sasa niambie mwanangu, hapo maana yake nini?"

Jumapili dereva alipoamka, aliukuta mkoba wa mama umefungwa, uko mlangoni.

"Naenda kwa dada yako," mama alisema. "Siwezi kukaa nyumba ambayo jiko linachagua mtu."

Dereva akamgeukia mkewe.

"Usinitazame mimi," mwokaji alisema. "Mimi nalishika kila siku. Nimekufa?"

Dereva alitoka, akaenda kumwita jirani wa mlango wa tatu. Jirani huyo alikuwa fundi umeme aliyesomea, na kazi yake ilikuwa kupima vifaa vya umeme kwenye majiko ya hoteli. Mtaani walimwita Bi Vipimo.

Mwokaji hakufurahi. Juzi tu alimwona Bi Vipimo akicheka na mama mkwe pale uani. "Wameshapanga," aliwaza.

Bi Vipimo aliingia jikoni na mkoba wake wa kazi. Hakuitazama oveni. Aliangalia chini.

"Humu jikoni nani anavaa nini miguuni?"

"Umekuja kupima jiko au viatu?" mwokaji aliuliza.

"Vyote viwili, jirani. Nijibu tu."

"Mimi navaa kandambili. Mama anakaa peku. Anasema viatu vinamtelezesha."

"Na jiko linamng'ata wakati gani?"

"Akitoka kupiga deki," mwokaji alijibu.

"Basi mama hasemi uongo," Bi Vipimo alisema. "Umeme ukivuja kwenye bati la oveni, hutafuta njia ya kwenda ardhini. Mama akisimama peku kwenye sakafu mbichi, yeye ndiye njia. Wewe una mpira chini ya miguu. Kandambili zako zimeuficha ubovu, hazijautibu. Na siku yoyote zinaweza zisikusaidie."

Mwokaji hakukubali. "Maneno hayo. Ngoja nivue nijaribu mwenyewe!"

Tayari alishavua moja. Bi Vipimo akamdaka mkono.

"Usithubutu! Mkono si kipimo. Leo umeme umetekenya. Kesho unaweza kukukamata usikuachie."

Akazima swichi kuu ya nyumba. Akapima kuhakikisha umeme umekatika kweli. Kisha yeye na dereva wakafungua skrubu, wakaivuta oveni nje ya kabati taratibu.

Huko nyuma hakuna aliyewahi kutazama. Waya wa oveni ulikuwa umekatwa na kuunganishwa kwa utepe mweusi. Ndani yake mlikuwa na nyaya tatu ndogo, lakini mbili tu ndizo zilizounganishwa. Ya tatu, ya kijani yenye mstari wa njano, ilikuwa imekatwa ikaachwa inaning'inia.

Mwokaji aliiona, akaitambua. Alikumbuka siku fundi kabati alipoifunga oveni. Plagi haikupita kwenye tundu la kabati, fundi akaikata. Mwokaji alimuuliza, "Na huo waya wa tatu?" Akajibiwa, "Huo wa ziada tu, dada. Jiko linawaka bila huo." Na kweli jiko likawaka, naye akaridhika.

"Kuwaka si usalama," Bi Vipimo alisema. "Huu ni waya wa ardhi. Umeme ukivuja, waya huu unaupeleka ardhini, na swichi ya usalama inakata umeme yenyewe. Ukiukata waya huu, umeme unabaki kwenye bati, unamngoja mtu."

Akatoa kipimo chake. Mwokaji alikikodolea macho.

"Na hicho kidude nitakiaminije?"

Bi Vipimo hakukasirika. "Lete birika lako la umeme, lile la bati."

Akabana waya mmoja wa kipimo kwenye pini ya ardhi ya plagi ya birika, mwingine kwenye bati lake. Namba ikawa ndogo sana, karibu na sifuri.

"Hapa namba ndogo ni nzuri. Njia ya ardhini iko wazi. Sasa tazama oveni."

Kipimo hakikuonyesha namba yoyote. Njia haikuwepo kabisa.

"Sasa tunapima kama ngozi ya waya bado inauzuia umeme. Hapa namba kubwa ndiyo nzuri."

Birika lilitoa namba kubwa mno. Oveni ikatoa namba ndogo. Bi Vipimo akaufuata waya kwa tochi mpaka mahali ulipobanwa na ukingo wa bati. Ngozi yake ilikuwa imekwanguka, shaba inachungulia.

"Ilibaki kidogo sana," alisema kwa sauti ya chini. "Shaba hii ingelala yote kwenye bati, mama asingeruka tena. Angebaki hapohapo."

Bi Vipimo akaweka waya mpya mzima, wenye nyaya tatu, usio na kiungo. Akaweka swichi ya oveni ukutani, mahali mkono unapofika, na swichi mpya ya usalama kando ya swichi kuu. Alipopima tena, alimpa mwokaji kipimo asome namba mwenyewe. Mwokaji alisoma mara tatu. Shaka haikumwisha hata hapo, na safari hii ilikuwa ya haki. Kisha umeme ukawashwa, mwokaji akabonyeza kitufe cha majaribio cha swichi ya usalama. Tap! Umeme ukakatika.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Bi Vipimo alisema. "Kibonyeze mara kwa mara. Oveni ipimwe kila inapofungwa upya, na baada ya hapo kila mwaka. Ukihisi mtekenyo wowote, usiguse tena. Zima swichi kuu, ita fundi wa umeme. Si fundi kabati."

Mwokaji alimpigia simu fundi kabati palepale. Kumbe alikuwa amefunga majiko manne mtaani, yote kwa mtindo uleule! Bi Vipimo hakungoja hata chai. Alibeba mkoba wake, akatoka na dereva kwenda kuyazima.

Jiko lilikuwa limepona, lakini mkoba wa mama ulikuwa bado umefungwa. Mama alikuwa amekaa kando yake.

Mwokaji akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nilikuita mwongo."

"Hukuniita."

"Nilikuita moyoni. Kila siku."

Mama akavuta pumzi. "Mimi nilimwambia wifi yako kwamba unataka kuniua."

Mwokaji alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Ungekufa kweli, mama. Ungekufa pale jikoni, na mimi ningesimama pembeni nikisema unaigiza."

Mama alimshika mikono yote miwili, akamwinua.

"Sikufa, mwanangu. Haya, lete unga tuoke."