Maana ya Pili ya Kiherehere

Kila asubuhi Nekoye alikuwa wa kwanza kufika darasani. Alifagia, akafuta ubao na kupanga vitabu vya Gredi ya Sita kabla mtu yeyote hajamwomba. Mwalimu akitafuta chaki, Nekoye alikuwa ameshasimama. Wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, yeye alizunguka peke yake kutoka langoni hadi ofisini, na kutoka ofisini hadi langoni.

"Si ukae chini, bana!" Jerono, aliyeketi naye dawati moja, alimwambia siku moja. "Ati kila kitu ni wewe. Una kiherehere!"

Jina hilo likamganda. Nekoye alikuwa mgeni pale mtaani Matisi, na hakuwa na rafiki wa kumtetea. Mama yake alikuwa amepata kazi ya kuchambua mahindi ya mbegu mjini Kitale. Walipohama kutoka Sirisia, walimwacha nyanya yake, ambaye Nekoye alimwita Kukhu, akiishi peke yake.

Wiki mbili kabla ya hapo, Kukhu alikuwa amemwambia kwenye simu, "Dawa zangu za presha zimeisha, na kichwa kinanizunguka kidogo. Usimwambie mama yako. Ataacha kazi aje huku. Umenisikia?"

"Ndiyo, Kukhu."

Tangu hapo hakuweza kutulia. Kila alipoketi, alimwona Kukhu ameanguka jikoni na hakuna wa kumwinua. Mikono yake ilipopata kazi, picha hiyo ilififia kidogo. Tena ofisini kulikuwa na simu. Huenda jirani wa Kukhu angepiga.

Ijumaa, Mwalimu Kiplagat wa Kiswahili aliandika ubaoni neno moja: KIHEREHERE.

"Nani atatunga sentensi?"

Jerono aliinua mkono haraka. "Nekoye ana kiherehere cha kubeba vitabu vya watu!"

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Hiyo ni maana moja, kujitia mbele bila kuombwa. Iko nyingine. Nekoye, tusomee kwenye kamusi."

Nekoye alifungua ukurasa, akasoma kwa sauti ndogo, "Hali ya moyo kwenda mbio kwa sababu ya hofu au wasiwasi."

Akausoma tena mstari huo kimoyomoyo. Hakujua kwamba kile kilichomdunda kifuani siku zote hizo kilikuwa na jina.

"Sasa tunga sentensi yako," mwalimu akasema.

Nekoye aliifunga kamusi. "Nina kiherehere," akasema, "kwa sababu Kukhu wangu ni mgonjwa, na nimekatazwa kusema."

Machozi yakamtoka. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Kiplagat alimpeleka ofisini, akampigia mama yake simu. Mama naye akampigia Mukhisa, jirani yao wa Sirisia. Mukhisa alimkuta Kukhu ameketi sakafuni, hawezi kusimama. Alitafuta gari, akamkimbiza hospitalini Bungoma.

Jerono alimletea Nekoye mkoba wake ofisini. "Pole," alisema akitazama chini. "Sikujua. Nilikuwa nakucheka tu."

Kesho yake Nekoye na mama yake walifika hospitalini. Daktari aliwaambia kwamba presha ilikuwa imepanda sana, lakini dawa zilikuwa zimeanza kuishusha. Mama alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu kazini. Kazi haikupotea.

Nekoye alisimama mbali na kitanda. "Kukhu, nisamehe. Nilisema."

"Njoo hapa," Kukhu akamwita, akamshika mkono. "Mwenye kosa ni mimi. Nilikutwika mzigo wa mtu mzima, na wewe ni mtoto."

Mama akaketi kando yao. "Nekoye, kumheshimu mkubwa si kumfichia ugonjwa. Mtu yeyote akikuambia unyamaze juu ya jambo linaloweza kumdhuru, awe nyanya, awe mimi, tafuta mtu mzima unayemwamini umwambie. Na ukimwona mwenzako hatulii, usimpe jina. Muulize ana nini."

"Msikilize mama yako," Kukhu akasema, akimsogezea nafasi pembeni mwa kitanda. Nekoye akaketi, na hakuinuka hadi saa ya kuwaona wagonjwa ilipokwisha.